Sifa za Kitu Cheupe

Katika lugha yetu ya Kiswahili, hapana rangi iliyobebeshwa mzigo mkubwa wa maana kama nyeupe. Mtu asiye na kinyongo twasema ana moyo mweupe. Jambo lisilofichwa twasema limefanyika peupe. Giza likiisha na macho yakaweza kuitambua njia, twasema kumekuwa kweupe. Bibi arusi huvikwa nguo nyeupe, na maiti naye hufungwa sanda nyeupe, hata ikawa kwamba binadamu hupewa rangi hiyo katika furaha yake kubwa na katika safari yake ya mwisho. Lakini lugha hiyo hiyo, kwa kuwa ni lugha ya watu wazima wasiodanganyika upesi, imeweka maana nyingine pembeni. Mwanafunzi aingiaye katika mtihani bila kujua lolote, wenzake humcheka wakisema kuwa ni mweupe kabisa. Basi neno moja limebeba usafi, na neno hilo hilo limebeba utupu.

Hapo ndipo linapozaliwa swali tunalotaka kulizungumza katika insha hii. Je, tunapokisifu kitu kwa weupe wake, tumekiona kitu chenyewe, au tumeiona tu furaha yetu ya kusifu? Na kama hatukukiona, je, sifa zetu ni heshima au ni dhuluma iliyovaa nguo nzuri? Swali hili hatukulipata vitabuni, kwa maana elimu yetu iliishia sekondari, na vitabu vya falsafa tulivyovisoma ni vichache. Tulilipata katika kupiga picha maua meupe na ndege weupe, kazi ambayo tumeifanya kwa mapenzi na si kwa ujira, tangu ujana wa utumishi wetu hadi leo ambapo mvi zetu nazo zimeanza kuwa nyeupe.

Tulianza katika miaka ya 1990, tulipopangiwa kazi ya ukarani katika bonde la Kilombero. Rafiki yetu mmoja, bwana shamba, alikuwa na kamera nzuri yenye kipimo cha mwanga ndani yake, naye akatuazima. Bonde lile ni nchi ya mpunga, na penye mpunga, maji na mifugo, hapakosi yangeyange. Ng'ombe wakipita malishoni, yangeyange huwafuata miguuni ili wawale panzi na wadudu wanaoshtuliwa na kwato. Jembe la maksai likipindua udongo, wao huandamana nyuma ya mtaro kama watoto wanaofuata ngoma. Jioni hurudi makundi kwa makundi na kuutua mti mmoja, hata majani ya mti yasionekane. Tuliwapiga picha kwa furaha ya mtu aliyepata hazina, tukamaliza filamu nzima ya picha 36, tukaipeleka mjini kusafishwa.

Picha ziliporudi zilituvunja moyo. Zile za mti uliojaa ndege, ambamo weupe ulienea kila pembe, zilitoka za kijivu. Yangeyange wetu walikuwa kama nguo nyeupe iliyofuliwa kwa maji ya tope. Na zile za ndege mmoja mmoja, aliyesimama juu ya udongo mweusi uliolimwa au karibu na ubavu wa maksai mweusi, zilitoka kinyume chake. Udongo ulionekana vizuri, maksai alionekana hata unywele, lakini ndege hakuwapo. Mahali pake palikuwa na doa la nuru lenye umbo la ndege, lisilo na unyoya, lisilo na bawa, kama kwamba mtu amechukua mkasi akaikata picha. Kwa ujinga wetu tulidhani kamera ni mbovu.

Mzee mmoja aliyekuwa na studio ndogo mjini alizitazama picha zile, akacheka kwa upole. "Kamera ni nzima, ndugu yangu," alisema. "Tatizo ni kwamba haijui yangeyange. Inajua wastani tu."

Maneno hayo tuliyaelewa kidogo kidogo kwa muda wa miaka mingi. Kipimo kilichomo ndani ya kamera hakioni ndege wala ua. Hupokea mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu vilivyo mbele yake, na kimetengenezwa kwa dhana ya kwamba mandhari ya kawaida, ukiyachanganya yote pamoja, ni ya kijivu. Ndiyo maana wapiga picha huwa na kadi ya kijivu ya kupimia, irudishayo asilimia 18 tu ya mwanga unaoiangukia, hali karatasi nyeupe nzuri yaweza kurudisha hata asilimia 90. Basi kipimo kikielekezwa kwenye kundi la ndege weupe, hushtuka na kusema: hapa mwanga umezidi, tupunguze. Kikapunguza mpaka weupe ukawa kijivu. Na kikielekezwa kwenye udongo mweusi wenye ndege mmoja mdogo, husema: hapa giza limezidi, tuongeze. Kikaongeza mpaka ndege akaungua.

Tazama, msomaji, jinsi jambo hili lilivyo la ajabu. Ndege ni yule yule, jua ni lile lile, saa ni ile ile. Kilichobadilika ni jirani zake tu. Akiwa miongoni mwa wenziwe weupe, hukumu humshusha. Akiwa peke yake miongoni mwa weusi, hukumu humpandisha mpaka ikamfuta. Mara zote mbili hakupimwa yeye, bali alipimwa mahali aliposimama. Mpiga picha mwenye ujuzi hana budi kukikosoa kipimo chake mwenyewe: penye weupe mwingi aongeze mwanga hatua moja au mbili, na kila hatua ni kuuzidisha mwanga mara mbili, na penye weusi mwingi, apunguze. Yaani yampasa amjue yangeyange kabla ya kumpiga picha. Chombo hakiwezi kumjua kwa niaba yake.

Sisi tuliokaa katika ofisi za umma kwa miaka mingi tunavitambua vipimo vya namna hiyo hata pasipo kamera. Kuna mkubwa ambaye, akipata idara yenye wafanyakazi hodari wote, huwaandikia wote taarifa za wastani, kwa kuwa haamini kwamba wema waweza kuwa mwingi mahali pamoja. Na kuna mwingine ambaye, akimpata mfanyakazi mmoja mwaminifu katika idara iliyolala, humkweza mbinguni, hata siku anapokosea jambo dogo, watu wote humgeukia kama aliyewasaliti. Wa kwanza amemtia mwenziwe kijivu. Wa pili amemuunguza. Wote wawili hawakumwona.

Ama kati ya makosa hayo mawili, lipi ni kubwa zaidi? Kamera za siku hizi za kidijitali, pamoja na simu za mkononi, zimetupa jibu ambalo filamu yetu ya zamani ilituficha kidogo. Picha iliyotoka na giza yaweza kuangazwa baadaye, na mengi yaliyokuwa gizani yakajitokeza, ingawa hayatakuwa safi sana. Lakini mahali palipoungua kwa mwanga hapana tena kitu cha kurudisha. Ukipatia giza panakuwa doa la kijivu. Ukipaacha panabaki doa jeupe. Habari ya unyoya haikuandikwa kabisa. Kwa sababu hiyo kamera nyingi zimewekewa onyo, sehemu zilizoungua zikawa zinapepesa kwenye kioo mara tu picha ipigwapo, ili mwenye kamera ajirekebishe kabla ndege hajaruka. Ingalikuwa heri kama ulimi wa msifu nao ungewekewa onyo la namna hiyo.

Yafaa hapa tuulize weupe wenyewe ni kitu gani, maana huwezi kukitendea haki kitu usichokijua. Wengi hudhani kwamba ua jeupe limepakwa rangi nyeupe na Muumba kama vile ua jekundu lilivyopakwa nyekundu. Sivyo. Katika petali nyeupe hapana rangi nyeupe iliyohifadhiwa. Kuna chembechembe angavu kama maji, na baina yake kuna nafasi ndogo za hewa. Mwanga uingiapo hugonga mipaka ya hewa na chembe hizo, ukatawanyika kila upande, ukarudi wote pasipo kuchujwa. Chukua petali ya asumini uibane kwa nguvu baina ya vidole viwili: hewa itatoka, na pale ulipobana patakuwa kama karatasi iliyopakwa mafuta, weupe usiwepo tena. Unyoya wa yangeyange nao ni vivyo hivyo. Na mama afuaye nguo huona jambo hili kila siku bila kulitaja: maji hayana rangi, lakini povu lake ni jeupe, kwa sababu ya hewa na ngozi nyembamba za maji.

Basi weupe si mali ambayo ua limeiweka kifuani. Ni namna ya kurudisha kilichopokewa. Ua jekundu hujiwekea sehemu ya mwanga na kurudisha nyekundu. Ua jeupe halijiwekei. Tungependa kuufananisha na mtunza hazina mwaminifu ambaye kila senti iliyopita mikononi mwake yaonekana katika daftari. Lakini na tusiharakishe kusifu, tusije tukaungua sisi wenyewe. Kwa kuwa petali haitoi nuru yake, bali hurudisha ya jua, weupe wake hubadilika kwa kila saa: alfajiri una ubuluu, machweo una dhahabu, chini ya mwembe una ukijani wa majani. Hapana weupe mmoja duniani. Anayesema "ni jeupe" na kunyamaza amesema jambo la kweli ambalo bado halijamweleza mtu chochote.

Wala weupe huo haukuwekwa kwa ajili yetu. Asumini hufunguka jioni, na wanawake wa pwani wanaotunga vikuba wanaijua saa yake kuliko saa ya ukutani. Mbuyu nao hufungua maua yake makubwa jua linapozama, yakining'inia chini kwa vikonyo virefu; popo huyajia usiku kwa ajili ya utamu wake, na kwa kwenda mti hadi mti huyachavusha. Kesho yake ua limenyauka, limegeuka rangi ya kutu, limeanguka. Katika giza, ambamo nyekundu na nyeusi ni mamoja, weupe ndio unaookota mwanga mdogo wa mwezi na kuurudisha kwa nondo na popo. Ni taa iliyowashwa kwa mgeni anayekuja usiku. Sisi wenye kamera ni wapita njia tu.

Tulijaribu mara nyingi kulipiga picha ua la mbuyu kwa taa ya kamera, na kila mara lilitoka kama sahani iliyoanguka hewani: jeupe kabisa, bapa kabisa. Siku moja tuliizima taa hiyo, tukaweka tochi ndogo upande mmoja, mbali kidogo, mwanga wake ukipita juu ya petali kwa kuinama. Hapo ndipo tulipoona mikunjo. Petali zile zina mikunjo mingi kama shuka iliyotoka kulaliwa, na katikati kuna tufe la nyuzi nyingi mno, kila uzi na kivuli chake. Hatukuongeza mwanga, tuliupunguza na kuusogeza pembeni. Tangu siku ile tumeamini jambo hili, nalo ndilo kiini cha insha yetu: kitu cheupe huonekana kwa vivuli vyake vidogo. Ukiviondoa vivuli kwa nia ya kukifanya kiwe cheupe zaidi, hukukiongezea weupe, umekiondoa chenyewe.

Na tutahadhari kwamba weupe haukuwahi kuwa ndio wema. Katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki kuna aina ya yangeyange ambaye ana mavazi mawili. Wapo walio weupe na wapo walio wa kijivu cheusi, nao ni ndege wa aina moja, wanavua samaki katika maji yale yale wakati bahari ikitoka, wakiwa na mdomo mmoja na mwendo mmoja. Wao kwa wao hawaulizani. Sisi wanadamu ndio tuliotwaa rangi ya ngozi na unyoya tukaifanya kuwa cheti cha tabia, na Afrika inaijua gharama ya kosa hilo. Mpiga picha akiwapata ndege hao wawili pamoja hujaribiwa sana, maana mwanga unaomfaa mmoja humdhulumu mwingine. Ndivyo zilivyo picha nyingi za zamani za shule zetu: mashati meupe yanang'aa, na nyuso nyeusi za watoto hazina macho. Mpimaji alilitazama shati. Dawa yake ni kungoja, ama wingu lipite mbele ya jua, ama kuwapeleka wote kivulini, ambako shati hubaki shati na uso ukawa uso.

Sasa tuiendee habari iliyotusukuma kuandika. Bwana shamba yule aliyetuazima kamera alifariki dunia miaka michache iliyopita, baada ya kustaafu. Kwa kuwa tunajulikana kwa utunzi, jamaa walituomba shairi la kusomwa msibani. Tuliliandika usiku mmoja, nalo lilikuwa na vina safi na mizani kamili. Tulimwita taa ya wilaya, tukamwita kisima kisichokauka, tukasema hakupata kumkasirikia mtu, wala neno kali halikutoka kinywani mwake. Watu walituvutia kanga begani na kututunza. Tulirudi nyumbani tukiwa tumeridhika.

Siku ya tatu tulikwenda kumjulia hali mjane wake. Alituandalia chai, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: "Shemeji, shairi lako ni zuri. Lakini huyo uliyemwimba angeweza kuwa mume wa mwanamke yeyote. Wangu mimi yuko wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulilitoa shairi mfukoni tukalisoma upya moyoni, na tukaliona lile doa la nuru juu ya udongo mweusi. Mtu wetu hakuwapo. Sisi tuliofanya naye kazi tulijua kwamba alikuwa mkaidi. Alikuwa hasalimiani na mtu mpaka anywe chai ya asubuhi. Akiudhiwa hupaza sauti ofisini, na kesho yake humletea aliyemkaripia kikombe cha chai bila kusema neno, na hiyo ndiyo ilikuwa radhi yake. Mwaka mmoja alitakiwa kutia sahihi taarifa ya mavuno iliyoonyesha magunia yasiyokuwako. Alikataa. Aliitwa, akakataa, akabembelezwa, akakataa, akahamishiwa mbali, akaenda na familia yake juu ya lori bila kuitia sahihi. Ukaidi uliomchosha mke wake nyumbani ndio ule ule uliomsimamisha siku ile. Sisi, kwa kuuona ukaidi kuwa ni aibu ya kufunikwa, tuliufuta. Na tulipoufuta, kisa cha magunia nacho hakikuwa na mahali pa kusimama, tukakiacha. Kwa kutaka kumfanya mweupe tulimnyang'anya unyoya wake bora.

Tunajua kwamba msomaji atatupinga hapa, na hoja yake ina uzito. Atasema kwamba mila zetu zinatukataza kumsema marehemu. Wahenga walinena kuwa siri ya maiti aijuaye mwosha, wakiwa na maana kwamba mwosha aijue na ainyamazie. Sitara ni nguzo ya utamaduni wetu. Je, sisi twataka kuivunja kwa mfano wa kamera? La, hasha. Kivuli si aibu. Anayempiga picha yangeyange kwa uadilifu hamfuati mpaka akajisaidia ili aoneshe uchafu wake. Mwenye kufanya hivyo hatafuti ukweli. Ana chuki, na chuki nayo ni kipimo kibovu. Aibu ni ile ambayo ukiitoa unamdhalilisha mtu bila kumweleza. Kivuli ni kile ambacho ukikiondoa mtu haelezeki tena. Kuzitenga mbili hizi ndiyo kazi ngumu ya mtunzi, na hakuna kanuni ya kumpa. Yampasa awe amemjua na kumpenda mtu anayemwimba.

Tena lugha yetu yenyewe inatuunga mkono. Neno sifa lina maana mbili. Tukisema mtu amepewa sifa, tuna maana ya kutukuzwa. Lakini tangazo la kazi likiandikwa "sifa za mwombaji", hapana anayetukuzwa. Panaelezwa tu mtu awe na nini. Na wasifu wa mtu ni maelezo ya maisha yake. Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, ambako shina lake ni kueleza jambo lilivyo, na Waswahili, kwa busara yao, wakaziacha maana zote mbili zikae nyumba moja. Kwa hiyo kusifu, kwa asili yake, ni kueleza. Anayetukuza bila kueleza amechukua nusu ya neno na kuiacha nusu nyingine njiani.

Historia inatuonyesha hatari ya kuupenda weupe bila kumwona mwenye weupe. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake wa Ulaya na Marekani walipenda kofia zilizopambwa kwa manyoya ya yangeyange na jamaa zake. Yaliyotafutwa zaidi ni yale malaini, marefu, ambayo ndege hawa huyaota mgongoni wakati wa kuzaliana. Basi wawindaji waliwafuata viotani, wakaua wazazi, na makinda yakafa kwa njaa na jua. Uzito kwa uzito, manyoya hayo yalipata kuuzwa kwa bei iliyoipita dhahabu. Ni wanawake pia walioanza kusema basi: huko Uingereza Emily Williamson alianzisha chama cha kuwalinda ndege mwaka 1889, na huko Boston Harriet Hemenway na Minna Hall wakaanzisha chao mwaka 1896. Mwaka 1921 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia manyoya hayo yasiingizwe nchini humo. Walioyavaa hawakuwa makatili wote. Wengi waliusifu weupe kwa moyo wote. Ila weupe ulikuwa kofiani, na ndege hakuwa machoni pao.

Katika miaka ile ile kamera nayo ilianza kwenda porini. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, na baadaye, ili wasiwashtue ndege, walijificha hata ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa ikawa na uwazi ndani. Twacheka, lakini kuna adabu kubwa katika kichekesho hicho: mtu amekubali kuwa ng'ombe ili ndege abaki kuwa ndege. Kiswahili chasema kupiga picha, kama kisemavyo kupiga risasi, na ingawa kitenzi hicho kina kazi nyingi zisizo na ubaya, sisi tumelichukua kuwa onyo. Tumewahi kuona mwenye kamera akiukaribia mti wa viota mpaka wazazi wote wakaruka, na jua la saa sita likawaka juu ya makinda yasiyo na manyoya. Picha alizipata, na huenda zilikuwa nzuri. Lakini sifa inayomgharimu msifiwa uhai wake si sifa. Aheri kurudi na kamera tupu.

Taifa nalo husifiwa, na mashujaa wake husifiwa, na hiyo ndiyo kazi mojawapo ya washairi tangu zamani. Hatutaki kazi hiyo ikome. Taifa lisilosifu chochote ni kama kipimo kinachovuta kila kitu kwenye kijivu, na vijana wake hukua wakidhani kwamba hapana aliyepata kuwa bora kuliko wao walivyo. Lakini vijana hao hao, wakipewa mashujaa walioungua kwa mwanga, hawatajifunza kitu kwao, maana hakuna ajuaye kumwiga mtu asiye na umbo. Kijana mkaidi atamfuata nani, ikiwa kila mwadilifu aliyemsikia alikuwa mpole tangu tumboni? Mwambieni kwamba palikuwa na bwana shamba mkaidi aliyekataa kutia sahihi, naye ataujua ukaidi wake una kazi gani.

Siku ya arobaini tuliomba ruhusa ya kusoma tena. Tulileta beti mpya, na ndani yake mlikuwamo chai ya asubuhi, sauti iliyopazwa, kikombe cha radhi, lori na magunia. Watu walicheka kwanza, kisha wakanyamaza, na wengine wakafuta macho. Safari hii hapana aliyetutunza. Mjane hakusema neno. Aliiomba karatasi, akaikunja, akaifunga katika pindo la kanga yake.

Tunaifunga insha hii kwa ubeti mmoja kati ya zile tulizotunga baada ya hapo, ili mwenye kushika kamera na mwenye kushika kalamu waukumbuke pamoja:

Mwanga mwingi huunguza, yangeyange mpungani,
Na kiza kikimpoza, huwa jivu la mekoni,
Mpimaji kichunguza, nuru iwe mizanini,
Sifa inayotukuza, ni ile yenye yakini.